Benzi kuukuu: kabla hujatoa mshiko, gusa boneti

Mpenzi msomaji, kama ulidhani Benzi ni la mabosi tu, pita siku moja kwenye yadi za magari Dar es Salaam ujionee mambo. Benzi la E-Class, BMW la viti vya ngozi, Jaguar lenye pua ndefu, Range Rover la kupandia kama unapanda ghorofani. Mikoko hii ilipokuwa mipya, ni wakubwa na matajiri wa matawi ya juu tu waliojua harufu ya ndani yake. Leo unatajiwa bei ya Toyota ndogo ya kubebea mboga! Kijana wa mjini akisikia hivyo usiku halali. Anajiona tayari yuko Masaki, kioo kimeshushwa nusu, kiwiko nje.

Sasa wiki hii nina swali moja tu: kama ni zuri hivyo, kwa nini mwenye nalo analiuza?

Nitakujibu mapema usije ukasema nimekuzungusha. Gari la kifahari likizeeka, bei yake inashuka. Bei ya spea zake haishuki. Injini iliyoundwa kwa ajili ya tajiri inaendelea kudai matunzo ya kitajiri, hata kama sasa iko mikononi mwa mtu wa Mbagala anayehesabu nauli. Yule anayeuza mara nyingi ameshapiga hesabu ya matengenezo yanayokuja, akaona mzigo huo bora aubebe mwingine. Na mwingine mwenyewe, msomaji wangu, ndiye wewe.

SWALI LIMETOKA CHOLE

Cha ajabu ni kwamba aliyenifanya nikae chini niandike haya hana gari, hajawahi kuwa nalo, na anapoishi hakuna hata moja. Ni mjomba wangu wa Chole.

Kwa asiyekujua huko, Chole ni kisiwa kidogo ndani ya ghuba, ng'ambo ya Utende, Mafia. Ukishuka Kilindoni unafuata lami mpaka Utende, unakunja suruali, unaingia kwenye boti, muda si mrefu umefika. Gari hakuna. Kuna njia za mchanga chini ya minazi na miembe, kuna popo wakubwa wanaolala kichwa chini mchana kutwa, na kuna magofu ya enzi za Wajerumani, waliokuwa na makao yao ya utawala hapo kabla hayajahamishiwa Kilindoni. Yalikuwa majumba ya fahari kwa wakati wake. Leo mizizi ya miti imeyakumbatia kuta, paa hakuna. Fahari bila matunzo mwisho wake ndio huo.

Na kuna mafundi wa vyombo. Mjomba ni mmoja wao. Nilimkuta ufukweni anakalafati, pamba mkono mmoja, nyundo mkono mwingine.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Afadhali umekuja. Si wewe unayeandika mambo ya magari?"

Basi bwana, akaweka nyundo chini akanimwagia yote. Mwanawe aliyeko Mbagala ameona Benzi jeusi, linameta. Anataka kulikodisha kwenye maharusi. Mwenye gari anataka fedha taslimu, na eti kuna mteja mwingine anakuja Ijumaa. Fedha hiyo ilikuwa itoke kwa mjomba, malipo ya chombo alichokuwa ametoka kukikabidhi. Ni miezi mingi ya tezo na keekee ile, ni mkuku, mataruma na mbao, ni migongo ya watu kadhaa.

"Mimi gari silijui," akasema. "Lakini chombo nakijua. Mtu akija kununua akaanza kusifia rangi, najua huyu mgeni. Mjuzi anainama chini, anatafuta maji yanapoingilia."

Nikamwambia mjomba umemaliza kila kitu. Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa. Na mimi naongeza: ukiona vinameta, vimepigwa polishi. Rangi, viti na redio utaviona mwenyewe, macho unayo. Kitakachokula fedha yako kiko chini ya boneti. Haya ndiyo niliyomwandikia binamu yangu, nakupa na wewe bure.

MKONO JUU YA BONETI

Nenda asubuhi na mapema, na usitangaze saa ya kufika. Kabla salamu hazijaisha weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, ujue umetanguliwa. Injini imeshawashwa ili kelele na moshi wa mwanzo viishe kabla hujaja. Aga kwa heshima, sema utarudi kesho.

Injini iliyolala usiku kucha haina siri. Oili yote imeteremka chini, vyuma vimepoa. Penye ulegevu patagonga, penye uvujaji patatoa moshi.

Kabla ya kuwasha, fungua vifuniko viwili. Cha kwanza ni cha oili. Geuza uangalie kwa ndani. Ukikuta kitu cha rangi ya chai ya maziwa, huenda maji na oili vinakutana, na hapo gasketi ya silinda hedi ndiyo mshukiwa wa kwanza. Ukikuta tope jeusi limeganda kama lami, oili ilikuwa inapitishwa muda wake. Cha pili ni cha maji, na hicho usikiguse kama injini ni ya moto, utaungua uso. Maji yawe safi na yenye rangi ya kulanti. Ukiona kutu au mafuta yanaelea, jiulize mara mbili.

Kisha fungua swichi bila kuwasha injini. Taa za tahadhari kwenye dashibodi lazima ziwake, ikiwemo ile yenye picha ya injini, halafu injini ikishawaka zizime. Taa ya injini isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko inayowaka. Inayowaka inakuambia kuna ugonjwa. Isiyowaka huenda kuna mtu ameizima makusudi ili usiuone.

MOSHI UNASEMA

Muombe mwenye gari awashe, wewe simama nyuma kwenye eksozi. Mvuke mwepesi wa asubuhi usikutishe, unapotea baada ya muda mfupi. Wa kutisha ni moshi mweupe mzito usiokoma, hapo maji yanaingia ndani ya silinda. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Ukitoka wakati wa kuwasha tu kisha ukakata, mara nyingi ni valvu sili. Ukitoka kila unapokanyaga mafuta, hofia ringi za pistoni, na hiyo ni kazi ya kushusha injini nzima. Moshi mweusi kwenye gari la petroli ni mafuta yanayozidi kipimo.

Kuna BMW nyingi zinazoingia kutoka Japani, zile 320i za kuanzia 2005 hivi, zenye injini ya silinda nne inayoitwa N46. Zikizeeka zinajulikana kwa kula oili kupitia valvu sili. Iache inguruma bila kwenda dakika kumi, kisha kanyaga mara moja. Wingu la bluu likitoka, umepata jibu lako.

Ila ujanja upo. Muuzaji akimimina oili nzito kuliko inayotakiwa, kelele zinapungua na moshi unapungua kwa siku chache. Ndiyo maana oili mpya kabisa kwenye gari lililochoka si sababu ya kufurahi. Uliza ilibadilishwa lini, na kwa nini jana.

KUCHEMSHA NDIKO KUNAKOUA

Ukiniuliza ni nini kinachoua injini za kifahari kwenye joto na foleni zetu, nitakuambia kuchemsha. Silinda hedi ya injini hizi mara nyingi ni ya alumini. Ikichemka sana inapinda, gasketi inaachia, na ikishapinda haikunjuki kwa maombi.

BMW za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 zina tangi la maji la plastiki, nyumba ya themostati ya plastiki na vipande vingine vya plastiki kwenye mfumo wa kupoza. Plastiki inapikwa miaka mingi, inakuwa kavu kama gamba la yai, halafu siku moja inapasuka ukiwa katikati ya foleni. Mpya zaidi, kama zenye injini ya N52, zina pampu ya maji ya umeme. Ikifa haitoi kelele ya kukuonya. Range Rover za 1994 hadi 2002 zenye V8 ya petroli zina sifa yake: zikichemshwa, mikono ya chuma inayokaa ndani ya silinda za alumini inaweza kulegea, na maji yakaanza kupotea bila kuonekana yanavujia wapi.

Kwetu huku tuna kosa letu la ziada, na hapa mafundi wa mtaani mnisamehe. Gari likichemsha, dawa ya kwanza ni kung'oa themostati na kujaza maji ya bomba. Mshale wa joto unashuka, mwenye gari anafurahi, anasema limepona. Halijapona! Injini sasa inafanya kazi ikiwa baridi mno, inakunywa mafuta zaidi, na maji matupu yanakula alumini kwa ndani. Na ugonjwa uliofanya ichemshe bado uko palepale.

Kwa hiyo liendeshe gari nusu saa nzima. Mshale upande mpaka katikati na utulie. Ukibaki chini muda wote kama gari limewashwa sasa hivi, uliza themostati iko wapi. Likipoa kabisa, binya mpira mkubwa wa rejeta. Ukiwa bado mgumu umejaa presha asubuhi ya pili, gesi ya silinda inaingia kwenye maji.

CHENI YA MILELE HAIPO

Utaambiwa, "Hii ni cheni bosi, siyo belti, haibadilishwi maisha." Changa la macho hilo. Kazi ya cheni ni kuunganisha krenki ya chini na kamshafti za juu ili valvu na pistoni zipishane kwa wakati. Ikirefuka au meno yakilika, mpangilio unaharibika. Ikiruka, kwenye injini nyingi valvu na pistoni vinagongana. Hapo huna injini tena, una skrepa.

Benzi za C-Class na E-Class zenye injini ya silinda nne ya 1.8, M271, zinajulikana kwa cheni kurefuka. Ndugu yake V6, M272, iliyoanza 2004, ilitoka kwa miaka kadhaa ya mwanzo na gia laini kwenye shafti ya kusawazisha mtikisiko. Gia hiyo ikilika, kuibadilisha ni mpaka injini itoke nje ya gari. Ubaya si wa zote, na namba ya injini ndiyo inayomwambia fundi mzoefu iwapo iko kwenye kundi hilo. Muulize fundi kabla ya kulipa.

Jaguar zenye V8 kuanzia 1997 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa na vikazia cheni vya plastiki vinavyopasuka. Baadaye vilibadilishwa muundo. BMW za dizeli zenye injini ya N47, hasa za 2007 hadi 2011, cheni yake iko nyuma ya injini upande wa giaboksi, kwa hiyo ikidai matengenezo ni kazi nzito.

Sikio lako ndicho kipimo. Wakati wa kuwasha injini ya baridi, sikiliza sekunde za mwanzo. Mlio kama sarafu ndani ya kopo, hata ukikata haraka, usiupuuze.

WAYA NAZO ZINAZEEKA

Benzi la umbo la W124, lile la kuanzia katikati ya miaka ya 1980 mpaka 1995, wengi tunaliita jiwe, na ni kweli lilijengwa. Lakini yale ya miaka yake ya mwisho, kuanzia 1992 hivi, yalifungwa waya ambazo ganda lake linakauka kwa joto la injini na kumeguka kama biskuti. Injini inaanza kukosa, inazima ovyo, na fundi asiyejua anabadilisha plagi, koili na kila kitu ila waya. Shika waya juu ya injini, ikunje kidogo. Ikikatika ganda, unajua cha kufanya. Silinda sita za petroli za umri huo, M104, angalia pia kama oili inavuja kwenye gasketi ya hedi.

Siku hizi mashine ya kusoma kompyuta ya gari iko kwa mafundi wengi. Ilipie, ni fedha ndogo. Lakini jua kwamba kumbukumbu inaweza kufutwa asubuhi hiyohiyo. Fundi makini ataangalia kama vipimo vya ndani vimeshakamilika tangu ilipofutwa. Kama havijakamilika, lipimwe tena baada ya kuendeshwa siku mbili tatu.

MALI BILA DAFTARI

Kwenye gari la namna hii, kitabu cha matengenezo ni sehemu ya injini. Mali bila daftari huisha bila habari. Nataka kuona oili ilibadilishwa lini, kilomita ngapi, nani alibadilisha pampu ya maji. Kilomita chache peke yake zisikuleweshe. Mita inaweza kurudishwa nyuma, na hata kama ni ya kweli, gari lililoshinda kwenye foleni injini yake imefanya kazi saa nyingi bila kusogea.

Utaniuliza, basi yote ni mabaya? Hapana. Benzi la W123 la dizeli, lililoundwa kuanzia 1976 mpaka katikati ya miaka ya 1980, lilibeba teksi sehemu nyingi za Afrika na injini zake ni za kawaida, fundi anaziona kwa macho. Lexus LS400 iliyotoka 1989, na pacha wake Toyota Celsior wa Japani, zina V8 inayosifiwa dunia nzima, ila hiyo ni ya belti na belti ina muda wake. Uzuri wa injini ya zamani hauondoi umri wake. Mpira, belti na sili havijui jina la kampuni.

IJUMAA IKAPITA

Binamu alifanya kama nilivyomwelekeza. Alfajiri ya kwanza boneti ilikuwa ya moto, akaambiwa gari limetoka kuoshwa. Akarudi kesho yake, safari hii na fundi wake mwenyewe, siyo wa muuzaji. Swichi ikafunguliwa, taa ya injini haikuwaka kabisa. Wakazunguka nalo nusu saa, mshale wa joto haukupanda hata robo. Fundi akafungua, themostati hakuna. Muuzaji, ambaye jina lake nalihifadhi, akaanza kushusha bei mwenyewe bila kuombwa. Kijana akamshukuru, akaondoka na fedha zake mfukoni.

Na yule mteja wa Ijumaa? Wiki tatu baadaye Benzi lilikuwa bado pale, limeoshwa vizuri tu.

HESABU YA MWISHO

Msomaji wangu, sikukatazi Benzi. Starehe ni haki ya kila mtu, na bibi harusi akishuka kwenye Benzi jeusi hata wazee wanasimama. Ninachokuambia ni kuwa usitoe fedha yote kwenye gari. Ukiwa na milioni kumi, tafuta la milioni saba. Zile tatu si akiba ya sherehe, ni bei ya gari ambayo muuzaji hakuitaja: oili na filta siku ya kwanza, kulanti, themostati, pampu ya maji, belti au cheni ikidai. Kabla ya kulipa, piga simu Gerezani au kwa muuza spea wako uulize bei ya vitu hivyo vitano kwa gari hilohilo. Ukisikia bei ukakaa chini, usilinunue. Ukisikia bei ukabaki umesimama, endelea.

Na mtu akikuharakisha kwa mteja wa Ijumaa, mwambie aje Jumamosi, atakukuta na fundi.

Tukutane wiki ijayo tuzungumzie giaboksi za otomatiki. Mpaka hapo, endesha salama na usiongeze maji kwenye injini ya moto!